Tupeane uzoefu: mchele, maziwa na kuku vya nje vinabadilika, wewe unajuaje?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wiki mbili nyuma nilinunua mchele kilo tano hapa Magomeni, Unguja, duka langu la siku zote, polo la rangi ile ile. Nikaupika kama ninavyopika miaka yote. Wali ukatoka kama bokoboko. Nikarudi kumuuliza kijana wa duka, huu ni ule ule? Akanambia, "Bi mkubwa, mzigo mpya huo, sisi tunaletewa tu." Nikamwomba anioneshe polo. Alikwishalikata mdomo, na maandishi yote yalikuwa kwenye kile kipande alichokitupa.

Tangu siku hiyo situlii. Visiwani kwetu mchele, ngano, sukari, mafuta na maziwa ya unga vingi vyatoka nje na kushuka bandarini. Taasisi ya Viwango ipo tangu sheria ya 2011, na Wakala wa Chakula na Dawa wapo, sisemi hawafanyi kazi. Lakini wao wanakagua polo likiwa limeshonwa. Mimi nanunua likiwa limefunguliwa. Huko vinakotoka wakibadilisha viwango vyao, au mwagizaji akihamia nchi nyingine, habari hiyo inamfikiaje mtu anayenunua nusu kilo? Naomba mlete yaliyokukuteni wenyewe, si ya kusikia.

*Mama wa watoto wanne, Wete*

Yangu ni ya maziwa. Mtoto wangu wa tatu nilimwachisha ziwa mapema kwa maradhi yangu mwenyewe. Kopo zima lilinishinda bei, nikawa nanunua ya kupimiwa, yanatiwa kwa kijiko kwenye mfuko mdogo na kufungwa fundo. Mtoto akaanza kuharisha, siku ya nne tukenda hospitali. Daktari akaniuliza maziwa gani. Nikasema ya unga. Akasema, ya unga gani, ya mtoto au ya chai, na yanakwisha lini? Sikuwa na jibu hata moja. Nilikuwa na mfuko mweupe mkononi usio na herufi. Sijui mpaka leo kama ni maziwa au ni maji niliyochanganyia, na hilo la kutojua ndilo linaloniuma.

Na mkumbuke 2008, China walikuta melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ndani ya maziwa ya watoto. Watoto sita walikufa na wengine laki tatu hivi waliugua. Walipojua ni aina gani, wazazi waliweza kulitazama kopo ndani ya nyumba na kulitupa. Mwenye mfuko wa fundo angetazama nini?

*Mwenye duka, Mwanakwerekwe*

Dada wa Wete, pole sana. Nakujibu kama muuzaji, maana nimeuza mifuko hiyo hiyo miaka kumi.

Wateja wangu wengi hawanunui kwa wiki, wananunua kwa mlo. Robo ya sukari, mafuta ya kikombe, mchele wa leo. Ikipigwa amri kesho kila kitu kiuzwe kwenye pakiti iliyofungwa na kuandikwa, bei itapanda, na atakayeumia ni huyo wa robo. Kwa hiyo mimi naogopa pande zote mbili, viwango vikilegea na vikikazwa bila kumfikiria mnunuzi mdogo.

Ninachofanya sasa ni hiki. Polo silikati juu tena, nafungua mshono. Lebo naikata mwisho, naibana kwa kibanio cha nguo kwenye ndoo ya mchele huo huo. Mzigo ukibadilika, lebo inabadilika. Maziwa ya unga nimeacha kabisa kupimia. Nimepoteza wateja, nawaona wanakwenda duka la pili. Mchele mpya siumwagi juu ya wa zamani, ndoo inakwisha kwanza, inafutwa, ndipo natia mwingine. Haya hayakunigharimu ila vibanio.

*Mchoma mikate, Chake Chake*

Kwenye ngano ninayo kesi ya miaka. Unga ulipoanza kuandikwa kuwa umeongezwa madini ya chuma na vitamini ya foliki, wateja wawili waliacha boflo zangu wakisema mmetiwa dawa ya kuzuia uzazi. Wallahi nililala vibaya. Nikenda kumuuliza muuguzi mmoja tunayefahamiana. Akanifahamisha kuwa foliki inamkinga mtoto tumboni asizaliwe na kasoro ya uti wa mgongo, ndiyo maana mjamzito anapewa vidonge vyake kliniki. Na viwango vya Afrika Mashariki vinataka unga wa ngano utiwe virutubisho hivyo. Mteja mmoja alirudi.

Donge langu kweli lilikuwa limebadilika, halivuti, mkate unakaa chini. Lakini hiyo haikuwa foliki. Ni ngano yenyewe, nyengine ina nguvu na nyengine dhaifu, na kiwanda kikibadilisha ngano hakuna anayetwambia waokaji. Sasa kila mzigo mpya nachoma mikate sita ya majaribio kabla ya kuingia kazi kubwa.

*Mzaliwa wa Malindi, sasa London*

Huku hofu yao ni kuku. Umoja wa Ulaya ulikataza tangu 1997 kuku wanaosafishwa kwa klorini kama walivyokuwa wakifanya wengi Marekani. Uingereza ilipotoka kwenye Umoja huo 2020, watu wakaogopa kuwa mikataba mipya ya biashara itawafungulia mlango. Serikali ikasema katazo linabaki. Jirani yangu alinieleza vizuri, hoja kubwa si klorini yenyewe. Ni kuwa ukijua utamwosha mwisho, unaweza kuacha kujali usafi wa banda tangu mwanzo. Nikamwambia kwetu tungefurahi kupata hata hiyo nafasi ya kubishana, maana kuku wa boksi nikija likizo namkuta keshatolewa boksi, yumo frizani uchi.

*Mkaazi wa Kikwajuni*

Kuku nimejifunza mwaka ule wa kiza. Desemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja tulikaa bila umeme wa gridi, miezi mitatu. Friza za mtaani zikawa zinawashwa jenereta saa chache. Nilinunua mapaja yameganda jiwe, kumbe yalikwisha yeyuka na kuganda tena, barafu nyekundu imejaa chini ya mfuko. Tuliumwa nyumba nzima. Mpaka leo naweka kikombe cha maji kwenye friza yangu, yakiganda natia sarafu juu. Nikiikuta sarafu imezama, najua umeme ulikatika muda mrefu nisipokuwepo. Na dukani natazama hiyo barafu nyekundu kabla ya bei.

*Mzee wa Ng'ambo, Unguja*

Wanangu, mimi nilipanga foleni ya mchele miaka ya sabini, unapewa kwa mgao, na siku nyingi ni muhogo na ndizi. Biashara ilipofunguliwa 1984 na 1985 tulilia kwa furaha kuona maduka yamejaa. Kagueni, wekeni lebo, lakini msije mkakaza mpaka rafu zikawa tupu.

*Mimi niliyeanzisha*

Shukrani nyote. Dada wa Wete, mtoto hajambo sasa? Nilimpelekea kijana wangu wa duka maneno ya ndugu wa Mwanakwerekwe. Leo asubuhi ameniita. Polo jipya kalifungua kwa mshono na lebo kaibana kwenye ndoo. Nimeisoma mwenyewe kwa miwani. Tarehe ni nzuri, ila nchi si ile iliyokuwa ikiandikwa mapolo ya zamani. Mchele wenyewe hauna ubaya, ni wa aina nyengine. Mchana nimeupika kwa maji pungufu kikombe kimoja, na wali umechambuka.

Bado mafuta ya pipa. Anayeuza ya kupima atueleze, lebo ya pipa anaiweka wapi?