Kijana wa miaka 17, Bukavu: SOSAME, chumba cha sala, tiba ya masimulizi au ufundi?

Mama wa Kadutu:
Habari zenu. Kijana alikimbia vita, usiku halali, anakunywa kanyanga kila siku, masomo ameacha. Kila ndugu ana shauri lake: SOSAME (hospitali ya magonjwa ya akili), mfungo wa siku tatu katika chumba cha sala, tiba ya masimulizi, au ajifunze ufundi. Tuanze na lipi?

Muuguzi_Ibanda:
Pole mama. Anza na pombe. Anayekunywa kila siku akiikatiza ghafla anaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48, halafu kuweweseka kuanzia siku ya pili au ya tatu. Ndiyo maana mfungo wa siku tatu katika chumba cha sala, bila muuguzi, ni hatari sana kwake. Mikono ikitetemeka asubuhi na kutulia akishakunywa, mpelekeni SOSAME au hospitali. Huko hupewa diazepam, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa kidogo kidogo, na vitamini B1. Uliza mapema bei ya kitanda, na kama lazima ndugu alale naye.

Papa Furaha:
Pasta anaweza kuja nyumbani kuomba naye, hakuna ubaya. Watu wa sala wakianza kumwita kijana mchawi, mwondoeni siku ile ile. Sheria ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inakataza, na wa miaka 17 bado ni mtoto.

APS_Kivu:
Pombe ikitoka, ndoto za vita zinabaki. Kwa hizo mimi naweka tiba ya masimulizi mbele ya kikundi cha maongezi. Kijana anatandika kamba sakafuni toka kuzaliwa hadi leo: ua kwa jambo zuri, jiwe kwa baya. Kisha kila kikao, kama dakika 90, anasimulia jiwe moja taratibu: aliona nini, alisikia harufu gani, moyo ulifanya nini. Kwa kawaida ni vikao 8 hadi 12. Kinachoharibu ni kumkatiza hofu ikiwa juu eti saa imeisha. Anarudi nyumbani nayo yote, na wengi hawarudi tena. Uliza msaidizi anayeendesha vikao anasimamiwa na nani. Kama hakuna, tafuta mwingine.

Mama wa Kadutu:
Na ufundi?

Muuguzi_Ibanda:
Kushona, sawa, hata mapema. Useremala wa msumeno wa umeme usubiri diazepam iishe, inasinzisha.

APS_Kivu:
Mama, akisema anataka kufa, msingoje miadi. Asibaki peke yake, ondoeni dawa na sumu ya panya nyumbani, apelekwe siku hiyo hiyo.