Kucha zangu zinachanika kama karatasi, sendoff ni mwezi ujao, nipake nini?

MamaChapati
Habari zenu wadada, na wakaka mnaochungulia pia karibuni. Mwenzenu kucha zangu ni nyembamba toka zamani, zikirefuka kidogo tu zinachanika matabaka matabaka pale kwenye ncha. Miezi miwili iliyopita nikabandika zile ndefu za akriliki, zikakaa wiki tatu najiona mtu kwenye watu, siku ya kuzitoa dada wa watu hana asetoni, akachukua tipsi nyingine (ukucha wa plastiki) akachomeka kwa chini akaanza kuzikwanyua, jamani nilitoa machozi, mpaka leo nikishika kikombe cha chai joto linapenya mpaka ndani. Sasa mdogo wangu ana sendoff mwezi ujao, sare imeshashonwa, mikono itapigwa picha, na kila saluni nikiuliza naambiwa ya kwao ndo nzuri, huyu jeli, huyu bilda (jeli nzito ya kujengea ukucha), huyu poda ya kuchovya. Nakaanga chapati asubuhi na kuosha vyombo kutwa. Kwa kucha kama zangu nipake nini?

FundiKucha_Mza
Pole dada. Kazi hii naifanya mwaka wa sita, akriliki haikukuharibu, aliyekubandua ndo kakuharibu. Ukucha una matabaka, ukikwanyua kitu kilichoshika lazima kiondoke na tabaka la juu, ndo maana unasikia joto. Na ukucha wa mkono unakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwaiyo hiyo miezi miwili imetoka milimita 6 tu, sehemu mbovu bado iko mbele, ikue mpaka iishe yote ni kama miezi 6. Hakuna mafuta wala kitunguu saumu cha kuharakisha, zikate fupi, piga tupa laini kuelekea upande mmoja, usisugue kwenda na kurudi kama unakata mti.

Kwa sendoff mimi ningekupaka jeli ya kuloweka (inayotoka kwa asetoni), ile ya chini isiyo na rangi, rangi mara mbili, ya juu ya kung'arisha, kila tabaka linaingia kwenye taa, LED ni sekunde 30 mpaka 60, zile za UV za zamani kama dakika 2. Wiki mbili inakaa. Kuitoa unapunguza mng'ao wa juu tu kwa tupa, pamba yenye asetoni, unafunga foili dakika 10 mpaka 15, ikigoma unarudisha foili, HUKWANGUI. Bilda inatia nguvu kweli ila ziko za kuloweka na ziko ngumu ambazo asetoni haizitoi, ni tupa mwanzo mwisho, uliza kabla hujakaa kwenye kiti. Akriliki achana nayo kwa sasa, na popote ukikuta harufu inapiga kichwa alafu kucha inagoma asetoni nusu saa, hapo shuku MMA, kemikali kali inayochanganywa kwenye akriliki, Marekani waliianza kuipiga vita toka miaka ya 1970 ila ni ya bei rahisi ndo maana bado inazunguka.

Mzee_wa_Supu
Sisi wala chapati tunaomba kucha fupi tu, juzi nimekuta kitu kigumu cha pinki kwenye maharage nikaambiwa ni kitunguu 😂

BintiTanga
Mie nashangaa hamjataja hina. Unapaka jioni, unafunga mfuko, asubuhi ukucha mwekundu, hakuna tabaka juu yake, kuosha vyombo haibanduki, na kwa sisi tunaoswali maji ya udhu yanafika. Ubaya wake haifutiki, inaondoka na ukucha wenyewe unavyokua, kwaiyo usipake kama rangi yake haiendi na sare yako. Ila hina ya majani, piko nyeusi muiache, wengi wanachanganya dawa ya kupaka nywele na hiyo ikikukataa ngozi inatoka malengelenge.

Nesi_Mstaarabu
Fundi kaongea vizuri ila hapo kwenye jeli kaniacha. Jeli ambayo haijakauka ikigusa ngozi mara kwa mara unaweza kupata aleji, vidole vinawasha, vinapasuka, na ikishakushika haiondoki, hata meno ukienda kuziba inaweza kusumbua kwa sababu kemikali ni za ukoo mmoja. Ulaya kuna kemikali ya kukaushia jeli inaitwa TPO waliipiga marufuku kwenye vipodozi toka Septemba 2025. Na ukiona jeli imeachia pembeni usibandike tena juu yake, unyevu unakaa humo ukucha unakuwa kijani, hao ni bakteria. Mtu anayekanda unga na kushinda kwenye maji, ningemwambia apake rangi ya kawaida, ikibanduka anarudia, basi.

FundiKucha_Mza
Nesi sikatai, ndo maana fundi anatakiwa asiguse ngozi, ikimwagika afute kabla ya taa. Wengi wetu hatufuti. Ila rangi ya kawaida kwa mtu wa vyombo siku ya pili haipo, na sendoff ni picha.

MamaChapati
Asanteni sana, Mzee wa Supu wewe nakujua, maharage hayakuwa yangu 😅. Nimeamua hivi, sasa hivi nakata fupi kabisa, naosha vyombo na glovu, mafuta ya nazi usiku. Sare yetu ni zambarau, hina naogopa haitaendana. Jeli napaka siku moja kabla ya sendoff, genge nalifunga siku tatu, alafu naitoa mwenyewe nyumbani, nimeshanunua na chupa yangu ya asetoni nimeiweka pale kwenye kabati la jikoni.

FundiKucha_Mza
Itoe hapo jikoni leo leo dada. Asetoni inashika moto kama petroli, na wewe una jiko la chapati.