Asubuhi naapa, jioni naanguka: tatizo ni msimamo au mwili?

Kipanga: Wakuu, naomba ushauri. Nataka kuacha vitu vitamu usiku na kuanza mazoezi jioni. Asubuhi nimeshiba, naapa kabisa kuwa leo lazima. Jioni narudi kutoka kazini hoi, tumbo linanguruma, nafungua kabati begi likiwa bado mgongoni. Raba hata sizitazami. Nyumbani wanasema sina msimamo. Ni kweli?

mlinzi_wa_zamu: Hiyo ni njaa, mkuu. Aliyeshiba hawezi kukadiria mwenye njaa atafanya nini, hata kama ni yeye mwenyewe. Mchumi George Loewenstein, anayechunguza tabia za watu, aliliandika hilo tangu 1996. Unapanga ukiwa umeshiba, anayetekeleza ana njaa. Kula kitu cha maana kabla hujatoka kazini, msimamo tutauongelea baadaye.

Bi Mkubwa: Unalala kiasi gani, mwanangu? Mnakesha na simu halafu mnashangaa tamaa ya sukari! Usingizi ukipungua, ghrelini, homoni ya njaa, huweza kupanda, na leptini inayoleta shibe huweza kushuka. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7.

Kipanga: Shikamoo Bi Mkubwa. Usingizi wangu haufiki hata saa 6. Kazini nakunywa kahawa jioni ili nisisinzie.

Bi Mkubwa: Marahaba. Basi anzia hapo. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu tu. Unapanda kitandani nayo, unalala vibaya, kesho unaihitaji tena.

Chuma_Chakavu: Napingana kidogo. Uchovu mwingine ni wa kukaa kwenye kiti kutwa, haumalizwi na kulala. Tembea dakika 10 kwanza. Ukichangamka, endelea; ukizidi kulegea, kalale bila aibu. Na achana na hadithi kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake kule London ulipata siku kama 66 kwa mtu wa katikati, huku makadirio yakianzia 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Kipanga: Sawa wakuu. Kuanzia kesho kahawa mwisho saa 6 mchana, na mazoezi makali yasubiri usingizi utengemae. Chuma, hizo dakika 10 ni kabla ya kula au baada?

Chuma_Chakavu: Kula kidogo kazini kama alivyosema mlinzi, tembea, ndipo ule chakula chenyewe. Ukishakaa kwenye kochi umeshiba, hatukuoni tena.