Mchele wa brauni umeniletea vita nyumbani, nisaidieni

Bint_Langoni
Salaam aleikum jamani. Naishi Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni, nyumba moja na mume wangu, watoto watatu na mavyaa. Mwezi uliopita mume wangu alipimwa sukari, akaambiwa bado haijafika ya kutumia dawa lakini iko mlangoni. Juu ya hapo anafunga choo, siku tatu nne hajaenda. Daktari akasema tupunguze vilivyokobolewa, tuongeze nyuzinyuzi. Basi, tukarudi nyumbani.

Nami nikajitia ujuaji. Nikaagiza mchele wa brauni kilo nne kutoka Mombasa, ukaja na basi hadi Mokowe, ukavuka na boti. Nikanunua unga wa ata wa chapati, ule wa ngano isiyokobolewa. Nikasagisha mahindi pamoja na maganda yake. Yote hayo wiki moja! Jumatatu nikapika wali wa nazi kwa ule mchele vile vile nipikavyo siku zote, tui tangu mwanzo. Tui likakauka, punje bado zinagonga meno. Mavyaa akatia tonge moja, akalitema kiganjani, akalitazama, akaniuliza, "Mwanangu, hiki ni chetu au ni cha kuku?" Chapati ndizo hizo, watoto walirushiana kama sahani. Na mume wangu tumbo lilijaa gesi siku mbili, hakulala, nami sikulala.

Sasa nina kilo tatu na ushee za mchele hazina mwenyewe, na nyumba nzima imerudi kwa mchele wetu mweupe wa pishori. Nifanyeje? Na kweli kuna tofauti, au ni maneno tu?

Kuku_wa_Shela
Sisi kuku tunasema asante, leta hizo kilo tatu.

MamaPilau_Msa
Pole mamangu, nimecheka mpaka machozi, maana mimi yalinikuta hayo hayo. Mchele ule una ngozi yake, maji hayapenyi upesi. Loweka tangu asubuhi. Kikombe kimoja cha mchele tia maji vikombe viwili na nusu, maji matupu na chumvi, funika, moto mdogo, nusu saa au zaidi. Ukibonyeza punje ukaona imelainika na maji yamebaki kidogo, hapo ndipo unamimina tui zito, unapalia makaa kama kawaida. Ukianza na tui, litakatika na mchele haujaiva.

Chapati usianze na ata tupu. Nusu kwa nusu. Maji yawe ya moto kiasi na mengi kuliko ulivyozoea, kisha unga ukishaukanda uache nusu saa, kwa sababu zile pumba hunywa maji polepole. Ukikimbilia kusukuma ndio unapata sahani za kurushiana. Na zikitoka jikoni zifunike kitambaa papo hapo.

Muuguzi_Mstaafu
Naandika kutoka Malindi, nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi. Bint, tofauti ipo. Punje ya nafaka ina ganda, ina kiini, na katikati ina wanga. Kukoboa ni kuondoa ganda na kiini, unabaki na wanga peke yake. Nyuzinyuzi nyingi ziko kwenye ganda.

Lakini nikuambie ukweli, umepigania mahali padogo. Kikombe cha wali mweupe kina nyuzinyuzi chini ya gramu moja. Cha brauni kina kama gramu tatu na nusu. Kikombe cha pojo zilizopikwa kina kama gramu kumi na tano! Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Sasa piga hesabu mwenyewe: utamlisha mumeo vikombe saba vya brauni, na sukari yake iko mlangoni? Brauni ni wanga vile vile. Ukijaza sahani ikawa kilima, sukari itapanda.

Kwa hiyo wali upungue, na kando yake kuwe na kunde, mbaazi, maharagwe, mchicha, mnavu. Hata huo wali ukiwa mweupe.

Gesi ni kwa sababu umebadilisha kila kitu wiki moja. Nyuzinyuzi hazisagiki tumboni, zinafika utumbo mkubwa, na vijidudu vya huko ndivyo vinavyozila na kutoa gesi. Vinahitaji wiki kadhaa kuzoea. Ongeza kitu kimoja, ngoja, ndipo uongeze kingine. Na maji! Mumeo anakunywa maji kiasi gani?

Bint_Langoni
Maji? Ni nahodha, maji anayaona kutwa lakini hayanywi. Ni kahawa tungu barazani, asubuhi na baada ya Isha.

Muuguzi_Mstaafu
Basi hapo ndipo pa kuanzia. Pumba bila maji huzidisha kufunga choo. Na akiona damu chooni, au akianza kukonda bila sababu, mrudishe hospitali, msikae mkibadilisha unga. Wengine mnaosoma hapa mkiwa tayari mnatumia dawa za sukari au sindano, msikate wali ghafla bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka mkaanguka.

TangaRaha
Mahindi na maganda yake sisi huku tunaita dona. Lililokobolewa ndiyo sembe. Nyinyi Wakenya kila unga wa mahindi mnaita sembe, ndiyo maana mnapotea madukani.

Mchuuzi_Barani
Tanga umeanza. Ila Bint, hayo mahindi uliyosagisha umeyatoa wapi? Mimi nauza nafaka hapa Malindi, na jambo la kwanza naangalia ukavu. Mahindi yaliyolala na unyevu huota kuvu wenye sumu ya aflatoksini, huwezi kuinusa wala kuionja ungani, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani walikufa watu 125. Punje yenye doa, iliyovunjika au yenye ukungu, toa usisagishe. Tena unga wenye kiini una mafuta, na kwa joto letu hili la Pwani unachacha upesi. Sagisha wa wiki moja, usijaze debe.

Na tangu 2012 sheria inataka unga wa paketi utiwe vitamini na madini ya chuma. Wa mashine ya mtaani hautiwi. Usiache wa paketi ukashika wa mashine tu, changanya.

Kijana_wa_Mkomani
Si anunue tu mkate wa brauni dukani yaishe?

MamaPilau_Msa
Mwingine ni mkate mweupe uliotiwa rangi, mwanangu. Soma ubavuni pa karatasi. Kiungo cha kwanza kikiwa unga wa ngano tu, bila kusema ngano nzima, weka chini.

Babu_wa_Pate
Mwanangu Bint, mimi hii brauni naiona ni kuhangaika. Kwetu Pate nilipokuwa mdogo mtele haukupikwa kila siku. Ilikuwa mkate wa mofa, wa mtama, umeokwa kwenye tanuri la udongo, ukivunja unatoa moshi, tunachovya mchuzi wa papa. Jioni mseto. Watu wakenda choo bila kuandika barua! Muulize mavyaa wako kama hajui mofa. Na yale machicha ya nazi unayomwagia kuku baada ya kukamua tui, huko nako nyuzinyuzi ziko tele. Huyo kuku wa Shela ana afya kuwashinda nyinyi.

Kuku_wa_Shela
Nathibitisha.

Bint_Langoni
Wiki tatu baadaye, narudi kama nilivyoahidi nafsini mwangu.

Babu wa Pate, Mungu akuweke. Nilipotaja mofa mavyaa alinyamaza, akaweka ukili chini, akasema mamake alikuwa akioka za kuuza. Kuanzia hapo hasira zikaisha, na ndiye aliyenambia nipike mseto kwa huo huo mchele wa kuku. Nimeloweka brauni na pojo pamoja, na kumbe vinaiva karibu wakati mmoja, maana brauni haina haraka kama pishori. Tui mwisho, kama alivyosema MamaPilau. Mavyaa amekula na samaki wa kukaanga, akakomba sufuria na kusema imeungua kidogo chini lakini ndiyo tamu yake.

Mume wangu nimempa chupa ya lita moja na nusu aende nayo kwenye boti. Wiki ya kwanza ilirudi nusu, sasa inarudi tupu, sina hakika kama anakunywa yeye au anawapa watalii. Ila chooni anakwenda, siku moja baada ya moja. Sukari tutapima mwezi ujao. Mahindi nilikwenda nikayachambua upya na kutoa kibaba kizima chenye madoa, Mchuuzi nakushukuru.

Chapati nazo, jana nimetia ata robo. Hakuna aliyegundua, na msiniharibie.

Sasa mavyaa anataka mtama wa mofa, na tanuri hatuna. Kuna aliyejaribu kuoka kwenye chungu, makaa juu na chini?