Mnaosambaza "sayansi imethibitisha hakuna jeni ya ushoga", hiyo karatasi mmeisomea wapi? Nimechoka sasa

Wakuu, salamu zenu.

Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya, miaka mingi tu napita na kucheka. Leo mmenitoa shimoni. Ni mwalimu wa Baiolojia, sekondari ya kata, na mada ya Jenetiki ya kidato cha nne ndiyo inayonipa ugali. Mendel na njegere zake nimewafundisha mpaka njegere zenyewe zikiletwa mezani nageuza uso.

Jana saa nne asubuhi, muda wa chai, ofisi ya walimu. Nina chapati moja mkononi. Mwenzangu wa somo jingine (simtaji, na najua yumo humu) ananisogezea simu: "Mwalimu, umeona? Wazungu wenyewe wamekubali. Hakuna jeni. Ni tabia ya kujifunza tu, kama kuvuta sigara." Ujumbe una ile alama ya kusambazwa mara nyingi, herufi kubwa mwanzo mwisho, na chini kabisa: tuma kwa wazazi kumi. Namuuliza, umeisoma hiyo karatasi? Akacheka. Ofisi nzima ikacheka. Mimi ndiye nikaonekana mwenye matatizo. Chapati ikanipoa mkononi.

Sasa nisikilizeni, na mwenye povu alilete mwishoni.

Karatasi ya utafiti mnayoisema ilitoka kwenye jarida la Science mwishoni mwa Agosti 2019. Walichambua DNA za watu 477,522. Wengi walitoka UK Biobank, hifadhi ya Uingereza ya DNA na taarifa za afya za watu waliojitolea, waliobaki ni wateja wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima DNA. Walikuta maeneo matano ya DNA yenye uhusiano wa wazi na mtu kuwahi kufanya mapenzi na wa jinsia yake. Matano hayo ukiyajumlisha hayafikishi hata asilimia 1 ya maelezo. Lakini ukikusanya zile tofauti zote ndogondogo, maelfu kwa maelfu, ambazo moja moja huzioni, zinaeleza kati ya asilimia 8 na 25 ya tofauti iliyopo kati ya watu.

Rudieni kusoma hapo. Nane mpaka ishirini na tano. Si sifuri. Walichosema hakipo ni jeni MOJA, ile ya swichi, unaizima na kuiwasha. Nyie mkaondoa neno "moja", mkabaki na "hakuna jeni", mkaanza kutuma kwa wazazi kumi.

Urefu je? Mwaka 2022 walipima DNA za watu zaidi ya milioni tano, wakakuta tofauti ndogondogo za DNA zaidi ya 12,000 zinazochangia urefu wa mtu. Jeni moja ya urefu hakuna. Mbona hamtangazi kwamba urefu ni wa kujifunza? Mbona hamwambii mtoto mfupi aache kuiga wafupi wenzake? Na hiyo sigara yenyewe mliyoitolea mfano, kuna jeni kwenye kromosomu ya 15 inayochangia mtu avute nyingi au chache. Hata mfano wenu umewakana.

Ningekuwa mimi nataka kuishambulia karatasi ile, wala nisingepita huko mlikopita. Ina matundu yake, na walioiandika waliyataja wenyewe. Swali walilouliza lilikuwa kama UMEWAHI, hata mara moja. Aliyejaribu usiku mmoja bwenini akiwa na miaka 17 na aliyeishi na mwenzake miaka thelathini, wote kapu moja. Halafu wale wa Uingereza waliandikishwa kati ya 2006 na 2010 wakiwa na miaka 40 hadi 69. Pigeni hesabu: karibu wote walizaliwa wakati mwanamume wa England alikuwa anafungwa jela kwa jambo hilo, maana sheria yao ililegezwa 1967. Mtu aliyekulia kwenye hofu hiyo unamsogezea skrini na kumuuliza siri yake ya ujanani, una hakika gani kajibu kweli? Na la mwisho: wote waliochambuliwa ni wenye asili ya Ulaya. Hakuna Msukuma humo, hakuna Mdigo, hakuna Muacholi. Eti hiyo ndiyo mnayoninyooshea mimi, mtu wa Kwimba, kama neno la mwisho kuhusu binadamu.

Kinachoniuma zaidi ni ule mruko wenu wa pili: si jeni, kwa hiyo kajifunza. Nani kawafundisha hivyo? Si kila kisicho jeni ni cha kuiga mtaani. Mtoto anakaa tumboni miezi tisa kabla hajamjua rafiki mbaya hata mmoja. Watafiti wawili wa Kanada, Blanchard na Bogaert, tangu miaka ya tisini wanaonyesha kwamba mwanamume mwenye kaka wakubwa wengi wa mama mmoja ana uwezekano mkubwa kidogo wa kuwa shoga, kama theluthi moja kuongezeka kwa kila kaka. Msishtuke akina mama wenye wavulana sita, uwezekano wa kuanzia ni mdogo sana, ukiongeza theluthi bado ni mdogo. Nataka muone kitu kingine. Mwaka 2006 Bogaert alitenganisha kaka wa tumbo moja na kaka wa kulelewa pamoja tu. Wa kulelewa pamoja hawakuongeza chochote. Wa tumbo moja waliongeza hata kama hawakuwahi kulala nyumba moja. Wanafikiri ni kinga ya mwili wa mama inayobadilika kila anapobeba mtoto wa kiume, na ubishi juu ya hilo bado haujaisha. Lakini iwe kinga au kingine, hiyo si jeni ya shoga, na si tabia ya kuiga pia. Mtaiweka sanduku gani, wakuu? Maana mna mawili tu.

Nitoke kidogo nje ya mada, ila si nje sana. Mimi ni mashoto.

Darasa la pili, mwalimu wetu alikuwa na fimbo ya mpera na kipande cha kanga. Kanga alikitoa bibi yangu mwenyewe, kwa nia njema kabisa, kwa sababu mkono wa kushoto kwao ulikuwa wa chooni na mjukuu wake hawezi kusalimia watu na kuandika kwa mkono huo. Asubuhi nikifika nafungwa mkono nyuma ya kiti, fundo mbili. Kila herufi "a" ikipinda, fimbo. Nakumbuka rangi ya ile kanga, zambarau iliyopauka, na nakumbuka ncha yake moja ilikuwa na neno "mwenzio" lililokatwa katikati ya methali. Muhula mzima nilikuwa nasoma "mwenzio", "mwenzio", sijui mwenzio kafanya nini.

Leo naandika ubaoni kwa mkono wa kulia. Wanafunzi wanauita mwandiko wangu nyayo za kuku. Ila nikirusha jiwe, nikikata kitunguu, nikimshika mtoto anayeanguka, mkono unaotangulia ni ule ule.

Sasa kwa nini naleta hadithi hii? Kwa sababu mwaka huo huo wa 2019, hifadhi ile ile ya UK Biobank ilitumika kutafuta jeni za mashoto. Watu kama 400,000. Wakapata maeneo manne. MANNE. Utafiti wa mapacha unasema urithi unachangia kama robo tu ya kuwa mashoto. Mapacha wa kufanana kabisa, mmoja kulia mwenzake kushoto, wapo wengi tu. Kwa hesabu zenu basi mimi nimejifunza ushoto. Nani alinifundisha? Bibi?

Nao wa upande wa pili, mnaosema yote ni jeni, msipige makofi, zamu yenu imefika. Mwaka 1993 mtafiti Dean Hamer wa Marekani alichukua jozi 40 za ndugu wa kiume mashoga, akakuta jozi 33 wanashiriki alama kwenye kipande kiitwacho Xq28, ncha ya kromosomu X, ile ambayo mwanamume anaipata kwa mama. Jozi arobaini! Mimi darasa langu moja lina wanafunzi wengi kuliko hao. Watu wakachapisha fulana za kumshukuru mama kwa jeni. Mwaka 1999 Wakanada wakatafuta kwa jozi 52, wakatoka mikono mitupu. Kisha 2015 jozi 409, dalili ikarudi, ila hafifu. Na mapacha vivyo hivyo: 1991 ilisemwa kwamba pacha wa kufanana akiwa shoga, mwenzake naye ni shoga kwa asilimia 52. Tatizo, wale mapacha walipatikana kwa matangazo kwenye magazeti ya mashoga. Walipokuja kuchukua mapacha kutoka kwenye daftari la kawaida la mapacha Australia, matokeo yakatoka 2000, ikashuka hadi asilimia 20 hivi kwa wanaume. Kwa hiyo mnaoimba kwamba kila kitu kimeandikwa kwenye damu, nanyi mnasoma kurasa mnazozipenda tu.

Lakini makosa yenu hayalingani uzito, na hili silifichi. Fulana haimfungi mtu.

Tazameni jirani zetu wa Uganda. Februari 2014 Rais Museveni alitaka aambiwe kwanza na wanasayansi kama kuna watu wanaozaliwa hivyo. Wizara ya Afya ikaunda kamati. Kamati ikaandika kwamba hakuna jeni moja inayojulikana, kwamba si ugonjwa, kwamba si kasoro, na kwamba kila jamii ina watu wachache wa namna hiyo. Ripoti hiyo ikapelekwa kwenye kikao cha wabunge wa chama tawala Kyankwanzi. Taarifa iliyotoka huko ikasema eti wanasayansi wamekuta ni tabia isiyo ya kawaida, inayoweza kujifunzwa maishani. Aliyesema si kasoro kageuzwa kuwa aliyesema ni kasoro! Wapo waliokuwa kwenye kamati waliolalamika kwamba maneno yao yamepindwa. Nani aliwasikiliza? Tarehe 24 mwezi huo huo, Ikulu ya Entebbe, kamera zimejipanga, sheria ikatiwa saini, kifungo cha maisha ndani. Agosti Mahakama ya Katiba ikaifuta kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia. Jeni wala haikujadiliwa pale mahakamani. Halafu 2023 ikaja nyingine, na adhabu ya kifo imo kwa baadhi ya makosa.

Neno moja, "moja", liliondolewa kwenye sentensi, mkondo ukaanzia hapo. Ndilo lile lile mliloondoa jana kwenye simu ya mwenzangu.

Na kwa wanaosema hizi zote ni tafiti za Wazungu: 2015 Akademia ya Sayansi ya Afrika Kusini, yaani jumuiya ya wanasayansi wa huko, wenzao wa Uganda wakiwa pamoja nao, walitoa ripoti nzima kuhusu jambo hili kwa ajili ya Afrika. Wakasema mchango wa kibaiolojia upo, ushahidi kwamba mtu anaweza kubadilishwa haupo, na ushahidi kwamba linaambukizwa kwa kukaa pamoja haupo. Mbona hiyo haina alama ya kusambazwa mara nyingi?

Kituko kingine, hiki nacho ni cha hapa kwetu Afrika Mashariki. Oktoba 2019, wino wa karatasi ile haujakauka, Mmarekani mmoja anayeishi Kampala (Kampala, wakuu, si California) akaweka programu mtandaoni: unapakia DNA yako, unalipa dola chache, unapimwa ushoga wako ni kiasi gani. Wakati waandishi wa utafiti walishasema wazi kwamba matokeo yao hayawezi kumtabiria mtu yeyote! Wanasayansi wakaja juu, watu wakasaini waraka wa kupinga, ikaondolewa. Hebu fikirini kipimo hicho kikiwa mkononi mwa mjomba mwenye hasira, Kampala ile ile.

Ndiyo maana sina hamu ya kujibu swali la "kwa hiyo ni jeni au si jeni?" Jibu ni kiasi, na kiasi hicho hakiwezi kukuambia mtoto wa jirani apigwe au asipigwe. Dini yako ikikuambia ni dhambi, sema dini yangu inasema ni dhambi, nitakuheshimu, tutabishana kama watu wazima. Usije kuazima koti la maabara.

Ombi langu ni dogo. Anayedai karatasi ya 2019 inasema ni tabia ya kujifunza, aweke hapa ukurasa na aya. Si skrinshoti ya WhatsApp. Ukurasa na aya. Nipo hadi saa tano usiku, kesho nina kipindi cha kwanza.

NYONGEZA, saa tatu na nusu: Kurasa tano za majibu, matusi kumi na moja, aya sifuri. Na mliokuja PM kuniuliza kama mimi ni "mmoja wao": ndiyo, ni mashoto, nimeshasema. Uzi huu wote nimeuchapa kwa dole gumba la kushoto.