Kingo za Weruweru zinaliwa na maji: tuanze na nyasi au mawe?

jirani_wa_mto
Wakuu, kikundi chetu kiko huku tambarare, chini ya Moshi, Weruweru kabla haujaingia Kikuletwa. Kuna kipande cha ukingo cha kama mita 100 kimebaki ukuta mtupu, kimo mita 3 hivi, na kila masika kinamega migomba ya watu. Miche ya mkangazi na mringaringa iliyopandwa pale mdomoni mwa ukingo imekwenda yote na maji. Nusu ya wanachama wanataka tuchange tuweke gabioni (maboksi ya wavu wa waya yanayojazwa mawe), nusu wanasema vetiva, zile nyasi za mizizi mirefu, inatosha. Udongo huu unaishia bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa hiyo hata wa Pangani chini kule wanahusika. Kianze kipi?

chepe_na_pimamaji
Kabla ya kununua hata mche mmoja, jueni ukingo unaliwaje. Njia ni mbili na dawa zake hazifanani.

Kama pale ni upande wa nje wa kona, maji yanakwangua kitako, juu panabaki pananing'inia, kisha bonge zima linadondoka. Mara nyingi halidondoki siku ya furiko. Linasubiri maji yashuke, kwa sababu udongo umelowa, umekuwa mzito, na yale maji yaliyokuwa yanauegemea kwa nje hayapo tena. Ndiyo maana miche yenu imekwenda: mche una mizizi ya nusu mita, ukuta ni mita 3, umemegekea chini kabisa ya mizizi.

Kama kingo zinamegeka pande zote mbili, hata mahali mto umenyooka, basi sakafu ya mto imeshuka. Hapo tafuteni mashimo ya mchanga, na msitazame juu ya mto tu. Shimo lililo chini yenu ndilo linalowapandia: maji yakiporomoka kuingia shimoni yanakula kizingiti cha shimo kurudi nyuma, kuelekea juu ya mto, mvua hadi mvua, mpaka yawafikie. Sakafu ikiwa bado inashuka, msipoteze hela kwa nyasi wala kwa mawe. Malizaneni kwanza na wachimbaji.

Kujua ni kazi ya asubuhi moja. Vuteni kamba ya manila ng'ambo hadi ng'ambo, isilegee, ilingane kwa pima maji. Pimeni kushuka hadi sakafuni kila nusu mita, muandike. Rudieni kila mwisho wa mwezi na baada ya kila furiko. Alama za kufungia kamba ziwe kwenye mwamba au nguzo ya daraja. Mti unaweza kuondoka na vipimo vyenu.

nyasi_kwanza
Tuseme sakafu imetulia. Vetiva haipandwi kwenye ukuta wima, na hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibu. Ukingo ukatwe ulale: kwa kila mita 1 ya kimo, rudini nyuma mita 1.5. Kwa mita 3 mtapoteza mita 4.5 za shamba, kwa hiyo mwenye shamba akubali kabla jembe halijashuka. Udongo uliokatwa msiumwage mtoni.

Mistari ilale kufuata usawa, si kushuka na mteremko. Mstari hadi mstari mita 1 ya kimo, na wa chini kabisa ukaribie maji ya kiangazi. Kila shimo chipukizi 3, majani yakatwe yabaki sentimeta 20 na mizizi sentimeta 10. Shimo hadi shimo sentimeta 12, msizidishe. Mkiacha nafasi ya sentimeta 30 ili miche itoshe, maji yatapita katikati na kuchimba mifereji, mtadhani nyasi ndiyo mbovu.

Hesabu: mashimo 8 kwa mita, mita 100, mistari 4, jumla mashimo 3,200, yaani chipukizi 9,600. Shina lililokaa kitaluni mwaka mzima, kwa makadirio ya chini, linatoa chipukizi 30. Mnahitaji mashina 320. Kwa hiyo mwaka huu ni wa kitalu, mwaka ujao ndiyo ukingo. Pandeni mvua zikianza na si masika ikiwa imechanganya, kwa sababu mche unataka wiki kadhaa kabla ya furiko la kwanza. Wenye maji ya kumwagilia wapande hata vuli.

Vetiva haipendi kivuli. Chini ya mkuyu au migomba itanyauka taratibu. Miti iwekwe nyuma: msesewe unapenda unyevu wa mtoni (na wazee wa mbege, pombe ya ndizi inayotiwa gome lake, hawatalalamika), mianzi mita 5 kwa 5, lakini angalau mita 3 kutoka mdomoni, kwa kuwa kichaka chake kikikomaa ni kizito na kinauvuta ukingo uliochimbwa chini. Mikaratusi iacheni kabisa.

fundi_mawe
Nakubaliana na mdau wa nyasi, ila mbele ya kona kali nyasi peke yake haishiki kitako. Pale mawe yanahitajika, mita 20 au 30 za kona yenyewe, si 100 zote.

Boksi la mita 2 kwa 1 kwa 1 linabeba mita za ujazo 2, karibu tani 3 za mawe. Kama tundu la wavu ni sentimeta 8 kwa 10, jiwe liwe sentimeta 12 hadi 25. Madogo yanatoka tunduni, boksi linalegea tumbo. Fungeni waya wa ndani mbele hadi nyuma kila theluthi ya kimo. Mawe yapangwe kwa mkono, yasimwagwe.

Gabioni nyingi zinaanguka kwa sababu zimewekwa juu ya sakafu kama tofali juu ya meza. Zikeni boksi la kwanza angalau nusu mita chini ya sakafu, na mbele yake mlaze godoro la mawe (boksi bapa la wavu) la unene wa nusu mita, ili maji yakichimba, lenyewe liiname na kuziba. Nyuma wekeni kitambaa cha kuchuja, la sivyo udongo utatoka kupitia mawe na ukuta utabaki na pango. Ncha zote mbili ziingie ndani ya ukingo. Na msisogeze ukuta kuelekea katikati ya mto, mtamhamishia jirani wa ng'ambo kesi yenu.

jirani_wa_mto
Nimeelewa, asanteni sana. Bado wenye migomba: wanasema ardhi ni ya babu, hawarudi nyuma hata hatua moja.

mfongo_wa_chini
Mkuu, sheria ipo: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo. Lakini ukienda na mita 60 mkononi kwenye kihamba (shamba la ukoo) ambacho chote hakifiki upana huo, kikao kimeisha. Anzeni na ukanda usiolimwa kwa jembe, wa majani ya ng'ombe. Mwenye ng'ombe wa zizini anajua bei ya mzigo wa majani wakati wa kiangazi. Mabingobingo au gwatemala, sentimeta 50 kwa 50, wakate wakiacha kisiki cha sentimeta 15, kwa zamu, mstari mmoja ukatwe mwingine ubaki. Wasifyeke wote karibu na masika.

Mawe na kukata ukingo kunagusa mkondo, kwa hiyo waandikieni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi zao ziko hapo hapo Moshi. Mtasikilizwa vizuri zaidi mkipitia jumuiya ya watumia maji, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaitambua.

Nendeni na vipimo vya wingi wa maji. Chagueni mita 10 zilizonyooka, dondosheni chungwa, hesabuni sekunde mara 5, chukueni wastani. Mfano: sekunde 20 ni mita 0.5 kwa sekunde. Zidisheni kwa 0.85, kwa sababu juu maji huenda kasi kuliko chini. Kisha zidisheni kwa upana na kina: upana mita 4, kina cha wastani mita 0.35, mnapata lita 595 kwa sekunde. Pimeni juu na chini ya kila mfongo (mfereji wa kumwagilia), Januari na Februari. Mfongo usio na lango la kufungia utaonekana wenyewe kwenye daftari.

Chungwa liwe bichi. Likikauka linaelea juu sana na upepo unalisukuma.