Zawadi za mbio: pesa hupitia wapi kabla ya kufika mfukoni? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi: Wadau, vijana wanaofanyia mazoezi Ngong wakisikia "dola laki moja" wanaanza kuulizia bei ya ploti. Wanaozijua hesabu hizi waingie. Leteni tarakimu, porojo tuziache kwa kinyozi.

Kalamu na Kikokotoo: Tuanze na marathoni ya Chicago. Mshindi huandikiwa dola 100,000. Marekani hukata asilimia 30 kwa mgeni, kwa hiyo 30,000 zimekwenda. Anafuata meneja, ambaye fungu lake lililozoeleka ni asilimia 15. Asilimia 15 ya nini sasa? Ikihesabiwa kabla ya kodi, anachukua 15,000 na mkimbiaji anabaki na 55,000. Ikihesabiwa baada ya kodi, meneja anapata 10,500 na mkimbiaji 59,500. Tofauti ni dola 4,500, na kwa shilingi 129 kila dola hiyo ni 580,500, yote kwa sababu ya neno moja kwenye mkataba. Na mwalimu wa mazoezi bado hajapewa chake.

Mama Risiti: Hizo 30,000 si lazima zipotee zote. Mwaka unaofuata waandaaji hutoa fomu 1042-S inayoonyesha kilichokatwa. Mkimbiaji anaomba namba ya mlipa kodi ya kule (ITIN, kwa fomu W-7), kisha anapeleka ritani (maelezo ya mapato na kodi) ya 1040-NR akiondoa gharama zake: tiketi ya ndege, hoteli, fungu la meneja. Kodi inapigwa upya kwa kilichobaki, na ikiwa alikatwa zaidi, anarudishiwa. Shida huanzia kwenye risiti. Watu hutupa karatasi ya tiketi JKIA palepale! Shida nyingine ni pesa kuingia akaunti ya meneja bila maandishi ya nani alilipwa nini. Uingereza hukata asilimia 20, Japani 20.42. Na hapa nyumbani Kenya ritani ya KRA, mamlaka ya kodi, inatakiwa kabla ya Juni 30 kuisha, msijifanye mmesahau.

Saa ya Mkononi: Kabla ya kodi kuna kungoja. Mbio kubwa hazitoi pesa siku ya mbio. Hungoja majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa michezoni, na hiyo ni miezi. Anayenunua gari kwa mkopo wiki ya ushindi atalipa riba kwa pesa ambazo hajaziona.

Kiatu nacho. Unene wa soli ya mbio za barabarani usizidi milimita 40. Vienna mwaka 2021, Derara Hurisa wa Ethiopia alifika wa kwanza, soli ikapimwa ikawa sentimita 5, akaondolewa na ushindi ukaenda kwa Leonard Langat wetu. Pima kiatu nyumbani kwa rula, kisigino na mbele.

Jirani wa Uhuru Gardens: Kwa mbio za hapa mtaani mambo ni madogo lakini huuma. Usikimbie na namba ya mtu mwingine. Jina la usajili, kitambulisho na laini ya simu visipolingana, mezani utaambiwa "rudi kesho" mpaka uchoke. M-Pesa hairuhusu zaidi ya 250,000 kwa muamala mmoja, wala salio kupita 500,000, kwa hiyo zawadi kubwa toa akaunti ya benki mapema. Tena kwa dola, fungua akaunti ya dola. Benki ikikupunja shilingi 2 tu kwa kila dola, kwenye 55,000 umeacha 110,000 kaunta.

Mgeni wa Uzi: Na mkataba wa kampuni ya viatu inayomdhamini mkimbiaji, wakuu?

Kalamu na Kikokotoo: Ndugu, ruka ukurasa wa mshahara, nenda moja kwa moja kwenye makato. Mikataba mingi hupunguza malipo ukikosa idadi fulani ya mbio, hata kwa jeraha, au ukishuka kwenye orodha ya dunia. Bonasi nayo mara nyingi haiji yenyewe. Inadaiwa kwa barua ndani ya muda ulioandikwa, pamoja na matokeo rasmi. Muulize meneja ni nani anaandika hiyo barua, na ni siku ngapi.